Namna ya Kutenga na Kulinda Malisho ya Pamoja ya Kijiji

Kila ninapokaa na viongozi wa vijiji vya wafugaji na wakulima hapa Tanzania, maswali huwa ni yale yale. Eneo la malisho tulilorithi kwa wazee ni mali ya nani? Mwenyekiti anaweza kumkatia mtu sehemu yake? Tukiomba hati, aandikwe nani? Kwa nini kijiji jirani walipimiwa eneo lao na bado mashamba yanaingia? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, na umeandikwa kwa ajili yako wewe mjumbe wa halmashauri ya kijiji, mtendaji au mwanakijiji wa kawaida ambaye hujawahi kushiriki katika kazi hii. Nimechagua malisho kwa sababu ndiyo ardhi ya pamoja inayopotea upesi kuliko nyingine zote. Hayana jengo wala mazao, na mgeni akiyakuta wakati mifugo imehamia kwingine hudhani ameona pori lisilo na mwenyewe.

Sheria inayokuhusu zaidi ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ndani ya kijiji, usimamizi umewekwa mikononi mwa halmashauri ya kijiji, lakini kifungu cha 8 kinaitaka halmashauri hiyo isimamie kama mdhamini anayetunza mali ya wengine, wala hakiruhusu igawe ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kifungu cha 12 kinaigawa ardhi ya kijiji katika mafungu matatu: ardhi ya pamoja, ardhi inayomilikiwa na mtu mmoja mmoja, familia au kikundi, na ardhi ya akiba inayoweza kugawiwa baadaye. Kifungu cha 13 kinaeleza jinsi ardhi ya pamoja inavyotengwa, na kinatambua pia kwamba eneo lililozoeleka kutumiwa na jamii nzima kabla ya sheria hiyo ni ardhi ya pamoja hata kama halikuwahi kuandikwa popote. Hayo yanatosha kuanzia.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Tafuta nakala ya cheti cha ardhi ya kijiji, kama kipo, pamoja na ramani ya upimaji wa mipaka ya kijiji. Kusanya mihtasari ya mikutano mikuu ya miaka iliyopita, hasa ile iliyozungumzia ugawaji wa mashamba, mipaka au mifugo. Andaa orodha ya kaya kwa kila kitongoji. Watambue wazee wanaoyajua maeneo kwa majina, wanawake wanaochota maji na kukata kuni humo, na vijana wachungaji, kwa maana hawa ndio wanaojua mifugo inapita wapi kila siku. Unahitaji daftari gumu la mihtasari lenye kurasa zilizopewa namba, si karatasi huru. Unahitaji pia kabati lenye kufuli katika ofisi ya kijiji, kwa sababu kijiji kisicho na masjala ya ardhi iliyo salama, yaani mahali pa kutunzia kumbukumbu za ardhi, hakitakamilisha kazi hii.

Mapema kabisa, peleka barua kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya ukiomba timu ya wilaya ya mipango ya matumizi ya ardhi, ambayo kwa kawaida huwa na afisa ardhi, mpima, afisa mifugo, afisa misitu na afisa maendeleo ya jamii. Kuwa mkweli kwa wanakijiji kuhusu gharama: mafuta ya gari, posho za wataalamu na kazi ya upimaji zinahitaji fedha, na vijiji vingi husubiri bajeti ya wilaya au msaada wa shirika. Hata hivyo, hatua nne za mwanzo hapa chini mnaweza kuzifanya wenyewe wakati mkisubiri.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha mpaka wa kijiji unajulikana na unakubalika. Huwezi kutenga malisho ndani ya kijiji ambacho hakijui kinaishia wapi. Vijiji vingi vilianzishwa kwa haraka wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu vijijini, miaka ya 1973 hadi 1976, na baadaye vikagawanywa mara kwa mara bila mipaka mipya kuwekwa ardhini. Itisheni kikao cha pamoja na halmashauri za vijiji vyote mnavyopakana navyo, mtembee mpaka pamoja, na makubaliano yaandikwe na kusainiwa na pande zote.

*Angalizo:* Usitembee mpaka na kijiji kimoja ukaacha kingine kwa sababu tu hakuna ugomvi nacho. Ugomvi huanza siku kigingi kinaposimikwa.

2. Peleka hoja katika halmashauri ya kijiji na mpendekeze kamati. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, ndiyo mamlaka ya upangaji katika kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007. Wajumbe wakubaliane kwa maandishi kwamba wanaanza kazi hii, kisha wapendekeze majina ya kamati ya usimamizi wa matumizi ya ardhi ya kijiji ambayo mkutano mkuu utaithibitisha. Ninashauri kamati iwe na idadi sawa ya wanawake na wanaume, iwe na watu kutoka kila kitongoji, na ichanganye wafugaji na wakulima. Kamati ya wafugaji watupu itachora ramani nzuri ambayo wakulima hawataiheshimu.

3. Litembeeni eneo lote kwa miguu. Hapa ndipo penye utajiri wa kazi nzima, na ndipo watu wengi wanapofanya haraka. Tengeni siku kadhaa. Mnapotembea, wazee wataje majina ya mabonde, miti, visima na vilima, na mtu mmoja aandike kila jina pamoja na matumizi yake: hapa hunyweshwa ng'ombe wakati wa kiangazi, hapa huachiwa ndama na mifugo dhaifu, hapa panatoka chumvi, hapa wachungaji hujenga ronjo, yaani kambi ya muda, hapa ni njia ya kwenda joshoni au mnadani. Jamii nyingi tayari zina utaratibu wake wa kupumzisha malisho. Wasukuma wana ngitili, ambazo ni maeneo yanayofungwa wakati wa mvua ili majani yatumike kiangazi, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulizifufua kwa wingi kwa sababu uliheshimu utaratibu uliokuwapo. Wamaasai nao wana alalili, yaani malisho yanayotengwa na kupumzishwa. Kama kijiji chako kina utaratibu wa aina hii, uandikwe kwa jina lake na kwa masharti yake, kwa maana sheria ndogo mtakazotunga baadaye zinapaswa kuzaliwa humo.

Uliza pia kuhusu watumiaji wasioishi hapo. Wafugaji wa vijiji vya jirani wanaokuja kila kiangazi kwa makubaliano ya zamani wana haki ya kusikilizwa, na nanyi mtahitaji kwao huruma hiyo hiyo mwaka mvua zitakapowakwepa. Wasikilizeni mapema.

*Angalizo:* Usikubali ramani ichorwe ofisini kutokana na picha ya angani pekee. Nimewahi kuona mpango uliopitisha mstari wa malisho juu ya kilima ukaliacha bwawa upande wa mashamba, na kijiji kikabaki na nyasi zisizofikiwa na mnyama yeyote kiangazi kwa sababu hakukuwa na njia ya maji. Malisho, maji na mapito ya mifugo ni kitu kimoja. Kimoja kikiachwa, vingine haviwi na kazi.

4. Chora ramani ya pamoja na ubainishe waliokwisha kuingia. Chora ramani kwanza ardhini, kwa vijiti na majivu, watu wote wakiona, kisha ihamishie kwenye karatasi kubwa. Onyesha makazi, mashamba, malisho, misitu, vyanzo vya maji, mapito, maeneo ya ibada na makaburi. Kisha orodhesha kwa majina kila mtu mwenye shamba au boma ndani ya eneo mnalokusudia kulitenga, mwaka aliofika na aliyempa ruhusa. Orodha hii inaumiza, maana mara nyingi ndani yake wamo ndugu na viongozi. Iandikeni hata hivyo. Eneo likitangazwa kuwa malisho huku watu kumi wanalima ndani yake bila kuzungumza nao, mmeanzisha kesi kumi.

Ongeza akiba kwa ajili ya vijana. Kijiji kinachotenga ardhi yote kwa malisho na mashamba yaliyopo, bila kuacha ardhi ya akiba kwa kaya zitakazozaliwa, kitaona watoto wake wenyewe wakiyakata malisho ndani ya miaka michache.

5. Pitisha uamuzi katika mkutano mkuu wa kijiji. Ukinitaka nitaje hatua moja ambayo isipofanywa sawasawa zilizobaki ni bure, nitataja hii. Mkutano mkuu ni wa wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na hukutana kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji hupendekeza eneo gani liwe la pamoja na kwa matumizi gani, lakini mkutano mkuu ndio unaoamua.

Tangazeni mkutano mapema, kwa maandishi kwenye mbao za matangazo na kwa mdomo katika kila kitongoji, mkitaja wazi kwamba ajenda ni kutenga ardhi ya malisho. Chagueni siku isiyogongana na mnada wala gulio, na saa ambayo wanawake wanaweza kuhudhuria. Siku yenyewe bandikeni ramani mahali panapoonekana, somea watu majina ya mipaka, na mruhusu mjadala hata ukichukua siku mbili. Sheria inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kutumia au kufikia ardhi, kwa hiyo mkutano ambao wanawake walikaa nyuma bila kuulizwa una kasoro ambayo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuitumia baadaye.

Muhtasari uandikwe hapo hapo. Uonyeshe tarehe, mahali, idadi ya waliohudhuria kwa jinsia pamoja na orodha ya majina na saini zao, maneno kamili ya azimio, maelezo ya mipaka kwa majina ya alama za asili, idadi ya kura za kukubali na kukataa, na hoja za waliopinga. Watu hupenda kuziacha hoja za wapinzani ili muhtasari upendeze. Msifanye hivyo, kwa sababu muhtasari unaoonyesha kwamba waliopinga walisikilizwa una nguvu mbele ya baraza la ardhi kuliko ule unaodai wote walikubali.

*Angalizo:* Muhtasari wa halmashauri ya kijiji hauchukui nafasi ya muhtasari wa mkutano mkuu. Ardhi nyingi ya pamoja imepotea kwa karatasi iliyosainiwa na wajumbe wachache ofisini, kisha ikaletwa kwa wananchi kama jambo lililokwisha.

6. Pimeni na muweke alama. Timu ya wilaya ikifika, kamati na wazee waongozane na mpima kila hatua, huku vifaa vya GPS vikichukua majira ya kila kona, yaani namba zinazoonyesha mahali hasa ilipo. Linganisheni majira hayo na maelezo yaliyo katika muhtasari kabla mpima hajaondoka. Wekeni alama zinazoonekana, kama vile vigingi vya zege, mawe yaliyopakwa rangi na vibao kwenye njia kuu. Mapito ya mifugo nayo yapimwe upana na kuwekewa alama pande zote mbili, kwa sababu njia isiyo na alama huliwa mtaro mmoja kila msimu wa kulima. Baada ya hapo mpango wa matumizi ya ardhi huandikwa, hurudishwa katika mkutano mkuu kuidhinishwa, na kupelekwa wilayani na kwa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi.

7. Tungeni sheria ndogo. Mpango usio na sheria ndogo ni picha tu. Halmashauri ya kijiji hutunga rasimu, mkutano mkuu huipitisha, na halmashauri ya wilaya huiidhinisha ndipo iwe na nguvu ya kisheria. Rasimu ijibu maswali ya kila siku: eneo gani linafungwa mwezi gani na kufunguliwa na nani, mgeni anayeomba kulisha anamwona nani, kulima au kujenga ndani ya malisho kunaadhibiwaje, fedha za faini zinaingia wapi na zinasomwa lini mbele ya wananchi. Andikeni kwa lugha ambayo mchungaji wa miaka 20 ataielewa, na mwombeni mwanasheria wa wilaya ahakiki viwango vya faini visivuke vile ambavyo sheria inaviruhusu kwa kijiji.

8. Andikisheni ardhi. Jambo la kwanza ni rejesta ya ardhi ya pamoja ya kijiji, ambayo halmashauri ya kijiji inapaswa kuitunza. Ingizeni jina la eneo, ukubwa, mipaka, matumizi na tarehe ya azimio. Baada ya hapo ndipo mfikirie hatimiliki ya kimila ya kikundi, yaani hati ya ardhi ya kijiji inayoandikwa kwa jina la kikundi, ambayo hutolewa katika kijiji chenye mpango na masjala, na ambayo baadhi ya jamii zimeitumia kama ngao ya ziada. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda wilayani Mbulu walipata hati ya aina hiyo mwaka 2011, na hati hiyo iliwasaidia kuzuia uvamizi wa maeneo yao ya kuwinda na kuchimba mizizi.

Lakini fikirini vizuri nani anaandikwa. Hati ya malisho ikitolewa kwa chama cha wafugaji, kaya ambayo haimo katika chama inaweza kuambiwa kesho kwamba haina haki. Katiba ya chama iseme wazi kwamba kila mkazi mwenye mifugo, na kila atakayeipata baadaye, anaweza kuwa mwanachama. Isiweke kiingilio kinachomfungia nje mjane mwenye mbuzi wanne. Na ipige marufuku kuuza, kuweka rehani au kukodisha eneo bila azimio la mkutano mkuu. Bila masharti hayo ni afadhali mbaki na rejesta peke yake.

9. Simamieni kila msimu. Kamati ilitembelee eneo angalau mara mbili kwa mwaka, kabla ya kilimo kuanza na katikati ya kiangazi, na itoe taarifa kwenye mkutano mkuu unaofuata. Shamba jipya likigunduliwa lingali robo ekari, mazungumzo ya jioni moja humaliza jambo. Likiachwa misimu mitatu, mwenye shamba ataleta mashahidi.

Yanapokwama

*Kijiji jirani kimekataa mpaka.* Msilazimishe upimaji. Andikeni kwa mkurugenzi wa wilaya mkieleza maeneo mnayokubaliana na mnayotofautiana, ili sehemu zisizo na ubishi ziendelee. Sheria inampa Waziri mwenye dhamana ya ardhi mamlaka ya kuteua msuluhishi pale vijiji vinaposhindwa kuelewana. Mara nyingine suluhisho bora ni kuacha kuyagawa malisho kabisa: vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa wilayani Kiteto viliingia makubaliano ya kutumia malisho kwa pamoja, na kuyaita OLENGAPA kutokana na silabi za mwanzo za majina yao. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinaruhusu makubaliano hayo.

*Mwekezaji ameletwa na kiongozi, akiwa na barua.* Ombeni nakala ya barua na muhtasari wa mkutano mkuu uliomkubali. Kama muhtasari haupo, halmashauri haikuwa na uwezo wa kumpa ardhi hiyo. Msisaini mahudhurio ya mkutano wowote kabla ya kusoma ajenda iliyoandikwa juu ya karatasi, kwa maana orodha ya mahudhurio ya mkutano mmoja imewahi kubandikwa nyuma ya azimio la mwingine.

*Kuna watu walikuwa wakiishi ndani ya eneo kabla halijatengwa.* Rudini kwenye orodha ya hatua ya 4. Aliyepewa ardhi kihalali ana haki zake, na kumhamisha kunahitaji makubaliano, ardhi mbadala na fidia. Mara nyingi ni rahisi kuupindisha mpaka wa malisho ukalikwepa boma lake, mradi maji na mapito visikatwe.

*Muhtasari wa zamani umepotea.* Ulizeni ofisi ya kata na ofisi ya ardhi ya wilaya, ambako nakala hupelekwa. Ukikosekana kabisa, itisheni mkutano mkuu mpya, chukueni maelezo ya wazee kuhusu matumizi ya eneo tangu zamani, na mpitishe azimio la kuthibitisha. Matumizi ya muda mrefu yanatambuliwa na sheria, kwa hiyo hamuanzi na mikono mitupu.

*Mvamizi amekataa kutoka.* Anzeni na baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao lazima wawe wanawake, na ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Ikishindikana, nendeni baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 nalo linasuluhisha tu na halitoi hukumu. Likishindwa, liombeni cheti kinachoeleza kwamba usuluhishi umeshindikana, kwa sababu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitapokea shauri bila hicho. Na kama siku 30 zimepita baraza la kata halijamaliza usuluhishi, mnaweza kufungua shauri bila kukisubiri. Siku ya kwenda, bebeni muhtasari halisi wa mkutano mkuu, nakala ya ukurasa wa rejesta, ramani yenye majira, sheria ndogo zenye muhuri wa wilaya, na wazee wawili waliotembea mpaka pamoja nanyi.